Kumpandisha Mama Melini Southampton Wakati wa Korona: Tathmini ya Siku ya Kwanza

Msimu wa joto wa mwaka 2021, Mswahili aliyeishi Uingereza hakuwa na njia nyepesi ya kwenda kwao kutembea. Tanzania ilikuwamo tangu Januari katika orodha nyekundu ya Uingereza, yaani ya nchi zilizohesabiwa kuwa na hatari kubwa ya korona, Kenya iliingizwa tarehe 9 Aprili, na aliyerudi kutoka huko alilazimika kukaa karantini hotelini kwa gharama ya pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Ndiyo maana familia yetu, badala ya kumpeleka Mama Mombasa kama alivyotamani, ilimkatia tiketi ya safari fupi ya meli ya kitalii kutoka Southampton, safari ya kuzunguka pwani ya kusini ya England bila kutia nanga katika bandari nyingine yoyote na kurejea pale pale. Nilifuatana naye mimi mwenyewe. Kwa kuwa wengi waliniuliza kama inafaa kumpandisha melini mzazi mwenye umri mkubwa katika kipindi hicho, nimeona niieleze siku ya kupanda tu, maana hofu yote ya familia ilikuwa juu ya siku hiyo. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu zipo kasoro nitakazozisema, na pia kwa sababu sehemu kubwa ya utaratibu ilitokana na masharti ya serikali yaliyozihusu kampuni zote.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwezi wa Februari 2020 dunia nzima iliitazama meli ya Diamond Princess ikiwa imezuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na kabla ya mambo kwisha zaidi ya 700 kati yao walikuwa wameambukizwa. Ndugu zangu waliyakumbuka hayo kila nilipotaja neno meli. Nami niliwajibu kwamba hali ya mwaka 2021 ilikuwa na tofauti mbili kubwa: Mama amekwisha kuchanjwa dozi zote mbili, sawa na abiria wengine wote watu wazima, kwa sababu kampuni ilikataa kumchukua mtu mzima asiyechanjwa, na serikali iliporuhusu safari hizi za ndani kuanzia tarehe 17 Mei, iliweka ukomo wa abiria 1,000 au nusu ya uwezo wa meli, kwa kufuata idadi iliyo ndogo zaidi. Meli iliyojengwa kubeba maelfu ikibeba watu 1,000, mtu hupata nafasi ya kupumua.

Maandalizi ya nyumbani yalikuwa mengi kuliko ya safari ya ndege. Tulitakiwa kuonyesha uthibitisho wa chanjo, bima inayogharamia matibabu ya korona, na fomu ya afya inayojazwa siku chache kabla ya safari. Mama hana simu ya kisasa wala haitaki, kwa hiyo niliogopa kwamba programu ya simu ya huduma ya afya ya taifa, iliyotumika kuonyesha chanjo, ingetukwamisha. Lakini ilitosha kupiga simu namba 119 ya huduma hiyo, na barua ya uthibitisho ikaletwa nyumbani kwa posta. Wakati ule niliwasisitizia wenye wazazi wazee waiombe barua hiyo mapema. Pale bandarini iliangaliwa kwa makini, jina likalinganishwa na pasipoti, na hakuna aliyetufanya tujione wanyonge kwa sababu tulikuja na karatasi.

Kila familia ilipangiwa saa yake ya kufika, na jambo hili peke yake lilibadilisha sura yote ya siku. Wanaokumbuka namna abiria wa meli kubwa walivyokuwa wakirundikana mlangoni tangu asubuhi, masanduku miguuni, kama watu wanaongoja kivuko cha Likoni saa za kwenda kazini, wataelewa ninachokisifu. Sisi tulifika kwa saa yetu, hamali akayapokea masanduku kwenye gari, akayabandika namba ya chumba, na hatukuyaona tena mpaka tulipoyakuta mlangoni pa chumba chetu. Mfanyakazi mwingine alikuwa tayari na kiti cha magurudumu kwa ajili ya Mama, kwa kuwa nilikuwa nimekiomba wakati wa kukata tiketi. Mpaka hapo sina neno la kulalamika.

Kasoro kubwa ya siku ilikuwa kwenye hema la vipimo. Kila abiria alipimwa kwa kijiti cha puani, kipimo cha haraka ambacho majibu yake hutoka baada ya nusu saa hivi, na bila majibu mazuri hakuna aliyeruhusiwa kuingia jengo la abiria. Kazi ya upimaji ilifanywa kwa adabu: muuguzi aliinama mpaka usawa wa uso wa Mama, akamweleza atakachofanya kabla ya kumgusa, akamngoja avute pumzi. Tatizo lilianza baada ya hapo. Viti vilikuwa vimetenganishwa kwa umbali unaotakiwa, jambo ambalo ni sahihi, lakini kutokana na nafasi hiyo vikawa vichache kuliko watu, na wazee kadhaa waliokuja kwa miguu yao wakabaki wamesimama na mikongojo. Vipimo vilikuwa vimechelewa, na hakuna aliyetangaza kwamba vimechelewa. Majibu yalikuwa yanatumwa kwa ujumbe wa simu tu. Asiyekuwa na simu alitakiwa kwenda kuuliza mezani, na meza ile ilikuwa na foleni yake. Niliona mume na mke, wazee waliovaa vizuri kwa ajili ya safari yao, wakikaa bila kujua kama wameitwa au wamesahauliwa. Mtu anayengoja kuambiwa kama ana ugonjwa au hana, mbele ya safari aliyoitamani mwaka mzima, anastahili kuelezwa kinachoendelea. Mfanyakazi mmoja mwenye kipaza sauti, akipita kila dakika 10, angeondoa dhiki yote ile, na kampuni inayoweza kuendesha meli haiwezi kushindwa na hilo.

Ujumbe wetu ulipokuja, mambo yalienda haraka. Tulipitisha mizigo ya mkononi kwenye mashine, tukapigwa picha huku tumeshusha barakoa kwa sekunde chache, tukapewa kadi zinazotumika kama ufunguo wa chumba na kama njia ya kulipia, kisha tukapanda daraja la kuingilia melini. Njia yote ilikuwa ya upande mmoja, hakuna anayekutana uso kwa uso na anayetoka, na vitakasa mikono viliwekwa mahali ambapo mkono wa mtu unavifikia bila yeye kuvitafuta.

Ndani ya meli simu ilitusumbua tena. Menyu za mikahawa, nafasi za mezani, saa za michezo ya jukwaani, hata maelezo ya usalama, vyote vilikuwa kwenye programu ya simu, kwa hoja kwamba karatasi inayopita mikononi mwa watu wengi hueneza vijidudu. Ninaiheshimu hoja hiyo, lakini karatasi mpya inayopewa mtu mmoja na kutupwa haiambukizi mtu wa pili. Tulisaidiwa na mhudumu wa vyumba, kijana wa Kilifi, ambaye alipomsikia Mama akinisemesha alisimama akasema, "Shikamoo, mama." Mama aliitikia marahaba kwa furaha ambayo sikuiona kwake kwa muda mrefu. Kijana yule alitueleza kwamba yeye na wenzake walitengwa kila mtu chumbani pake kabla ya kuanza kazi, wakapimwa mara kwa mara, na kwamba hawaruhusiwi kushuka kutembea mjini. Kisha akamwandikia Mama kwa mkono, kwa Kiswahili, saa za chakula na namba ya kumpigia. Nimeiandikia kampuni kumsifu, na ningependa ijue kwamba ile karatasi yake ilimfaa mgeni wao kuliko programu yao yote.

Jambo lililonivutia kuliko yote ni zoezi la usalama, na hapa nitakaa kidogo. Meli ya Costa Concordia ilipopinduka karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia mwezi wa Januari 2012 na watu 32 kufa, walikuwamo abiria waliopanda siku ile ile ambao zoezi lao lilikuwa halijafanyika, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na sasa zoezi hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Kwa miaka mingi lilimaanisha kuwakusanya mamia ya watu katika ukumbi mmoja, bega kwa bega, wakisikiliza tangazo ambalo nusu yao hawalisikii. Korona ililazimisha njia nyingine. Tulitazama filamu fupi kwenye televisheni ya chumbani, tukasikia mlio wa dharura, yaani honi saba fupi na moja ndefu, kisha kila familia ikaenda kwa wakati wake hadi kituo chake cha kukusanyikia, ambapo baharia aliihakiki kadi yetu na kutuonyesha namna ya kufunga jaketi la kuokolea maisha.

Mama aliuliza maswali yake. Aliuliza nani atamshusha ngazi ikiwa lifti hazifanyi kazi, na baharia akamjibu kwamba jina lake limo katika orodha ya wanaohitaji kusaidiwa na kwamba kuna watu waliopangiwa kumfuata chumbani. Katika ukumbi uliojaa watu asingethubutu kuuliza, na mimi nisingejua jibu. Ninaamini kwa dhati kwamba utaratibu huu unapaswa kubaki hata baada ya janga lile kupita, mradi kampuni ziendelee kuhakikisha hakuna kadi inayoachwa bila kuhakikiwa. Meli yetu haikuondoka mpaka kila abiria alipokuwa amefika kituoni pake, na waliochelewa waliitwa kwa vipaza sauti.

Chakula cha mchana kilikuwa kizuri, kikipakuliwa na wahudumu badala ya kila mtu kushika kijiko kile kile, na foleni ilikuwa fupi kwa sababu ya uchache wa abiria. Barakoa zilivaliwa ndani isipokuwa mtu anapokuwa amekaa mezani. Abiria walitii bila kusukumwa.

Kabla ya kufungua masanduku nilikwenda dawati la wageni kuuliza swali ambalo ndugu zangu walinipa niliulize: akipatikana mgonjwa katikati ya safari, itakuwaje? Nilijibiwa bila kuzungushwa kwamba sehemu ya vyumba imeachwa wazi kwa ajili ya kuwatenga wagonjwa na waliokaa nao karibu, kwamba meli ina daktari na maabara ndogo, na kwamba haitakuwa mbali na Southampton wakati wowote. Kuhusu usafiri wa kurudi nyumbani kwa aliyeambukizwa, jibu lilikuwa na ukungu kidogo, na ningependa lingeandikwa wazi kwenye masharti ya tiketi.

Anayemkatia mzazi wake tiketi ya safari za namna hii aombe kiti cha magurudumu siku ile ile anayolipa, na wakati ule wa vipimo ilifaa pia achague saa za mapema za kufika, kwa kuwa ucheleweshaji wa vipimo ulijilimbikiza kadiri mchana ulivyoendelea, na aandikishe namba ya simu ya mtu atakayekuwa naye hemani. Abebe maji na kitu chepesi cha kula kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na dawa zote, kwa sababu masanduku yetu yalifika chumbani jioni, na mzee mwenye kisukari hawezi kungoja mpaka saa hizo.