Simu ya Kioo Kikubwa kwa Bajeti ya Kati: Ipi Ununue Arusha?

Mtu anayeingia katika maduka ya simu ya katikati ya Arusha, kuanzia Mnara wa Saa kushuka Barabara ya Sokoine, akiwa na shilingi kati ya 400,000 na 700,000, huwekewa mezani simu ambazo kwa macho zinafanana: kioo kinachozidi inchi 6.6, betri ya mAh 5,000, na kamera ambayo tarakimu zake zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Hapa ninapanga nne kati ya hizo, zote za mwaka 2024 na zote katika toleo la 4G: Samsung Galaxy A16, Redmi Note 13, Infinix Note 40 na Tecno Camon 30. Huduma ya 5G ilianza nchini mwaka 2022, lakini kwa mtu ambaye shughuli zake ziko Tengeru au Kisongo, naona fedha ya ziada inatumika vizuri zaidi kwenye nafasi ya kuhifadhia picha na mafaili.

Nafasi ya kwanza naipa Galaxy A16, ingawa muuzaji hatakuwa na mengi ya kuisifia. Kioo chake cha inchi 6.7 ni cha AMOLED, yaani kila nukta yake hujitolea mwanga wake, rangi zake ni nzuri, na Samsung wameahidi kuipatia sasisho za mfumo na za usalama kwa miaka sita. Ahadi hiyo ina thamani kubwa kwa wanunuzi wetu, ambao wengi hukaa na simu moja hadi ichoke kisha humwachia mdogo wao, kwa sababu programu za benki ndizo huwa za kwanza kuikataa simu yenye mfumo uliopitwa na wakati. Jambo la pili halionekani dukani. Alama ya kidole ya A16 inasomwa kwenye kitufe cha ubavuni, ilhali katika hizo nyingine tatu inasomwa chini ya kioo. Siku kioo kitakapopasuka, fundi atakuuliza kama unataka orijino au kopi, na kwa kuwa orijino ya AMOLED ni ghali, wengi huchagua kopi ya LCD, aina ya kioo ya bei nafuu inayomulikwa kwa taa ya nyuma, ambayo hairuhusu kidole kusomwa kupitia chini yake. Mwenye A16 hatapoteza huduma hiyo.

Kasoro zake hazifichiki. Chaji yake inaishia wati 25, chaja haimo ndani ya boksi, na tundu la spika za masikioni halipo. Laini ya pili na memori kadi zinagombea nafasi moja, kwa hiyo mwenye laini mbili, kama tulivyo wengi, hana pa kuweka kadi. Kwa sababu hiyo, ikwepe ile yenye RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 4 na nafasi ndogo ya kuhifadhia, na ukipata ya GB 8 yenye nafasi ya GB 256, ongeza fedha uichukue.

Redmi Note 13 inafuata, na kwa madereva wa watalii na waendesha bodaboda ningeiweka ya kwanza. Kioo chake cha inchi 6.67 kinafika mwanga wa niti 1,800 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) kwenye kilele, hivyo ramani inasomeka juani mahali ambapo A16 inakulazimisha kuikinga kwa kiganja. Chaji yake ni wati 33, tundu la spika za masikioni lipo, na ina taa ya infraredi inayoiwezesha kufanya kazi ya rimoti ya televisheni. Kinachokera ni matangazo yanayojitokeza ndani ya programu za mfumo wenyewe, ingawa yanaweza kuzimwa kwenye mipangilio. Wala megapikseli 108 za kamera yake zisikubabaishe, kwani katika matumizi ya kawaida simu huunganisha nukta tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.

Ubishi wa kasi ndio unaopoteza muda mwingi kaunta. A16 inatumia prosesa ya Helio G99, na Infinix na Tecno zinatumia Helio G99 Ultimate, ambayo ni ndugu yake wa karibu mno. Redmi yenye Snapdragon 685 iko nyuma kidogo. Na ile RAM ya GB 16 iliyobandikwa kwenye stika mara nyingi ni GB 8 halisi, nyingine 8 zikiwa zimeazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia, ambayo ni ya polepole zaidi.

Infinix Note 40 ni ya tatu. Inachaji kwa wati 45 kwa waya na wati 20 bila waya, faida inayoonekana pale umeme unaporudi kwa saa moja tu, lakini ahadi yake ya sasisho ni fupi sana ikilinganishwa na ya Samsung.

Camon 30 nimeiweka ya nne kwa sababu hiyo hiyo ya sasisho, japokuwa kamera yake ndiyo bora katika kundi hili. Kamera kuu ya megapikseli 50 ina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, jambo linalosaidia taa zinapokuwa hafifu, na kamera ya mbele nayo ni ya megapikseli 50. Anayeuza nguo au keki kwa picha za Instagram aupuuze mpangilio wangu aichukue hii.

Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 na usome kama jina la simu linalorudi ndilo la simu uliyoishika, kwa kuwa simu bandia zimekuwa zikizuiwa kwenye mitandao tangu Juni 2016. Washa ukurasa mweupe mtupu uangalie kama kioo kina madoa, na udai risiti ya EFD (mashine ya kodi) yenye IMEI hiyo, kwani bila risiti utakuwa na kazi ngumu ya kudai waranti.