Matairi ya Honda CT110: Meno Marefu au Kashata za Mraba?

Honda CT110, pikipiki ndogo ya njia za porini ya miaka ya 1980, hutumia matairi ya ukubwa wa 2.75-17 mbele na nyuma. Ukubwa huo unapatikana pia katika maduka ya vipuri vya bodaboda, ila mengi ya matairi hayo ni ya barabarani, kwa hiyo tuyaweke kando.

Tairi la meno marefu yaliyoachana hufaa kwenye tope zito, kwa sababu meno huzama ardhini na udongo hudondoka gurudumu linapozunguka. Kwenye lami, hata hivyo, meno hayo hupinda unapokata kona, huvuma, na huisha upesi, hasa yale ya katikati ya tairi la nyuma.

Tairi la kashata za mraba zilizosogeleana, yaani vipande vya mpira vilivyokatwa kama kashata, lenye asili katika mashindano ya kupanda miamba kwa mwendo wa polepole, hushika vizuri mawe, mizizi na changarawe, wala halisumbui sana kwenye lami. Adui yake ni udongo wa mfinyanzi, unaojaza mifereji yote. Kwa kuwa CT110 haina nguvu ya kuchimba ardhi, bali hupanda taratibu, hasa ile yenye gia ya ziada ya mlimani, mimi ningechagua hili.

Lolote utakalochukua, funga tyubu mpya, na usipunguze upepo kupita kiasi: valvu ikianza kulala upande, tairi linateleza kwenye ringi na tyubu iko karibu kuchanika.