Tangi la beta: lipi ununue, lipi uliache dukani

Maduka mengi ya samaki wa mapambo humuuza beta akiwa kwenye kikombe cha plastiki au chupa iliyokatwa shingo, vikombe vimepangwa rafu nzima, kila dume na chake. Mnunuzi anaondoka akiamini hayo ndiyo maisha yake: maji glasi mbili, basi. Kikombe kile ni cha kuwatenga madume wasipigane na cha kumbebea mpaka nyumbani. Kazi yake inaishia hapo.

Muuzaji mwingine atakuambia kwao Thailand beta anaishi kwenye madimbwi, kwa hiyo bakuli linamtosha. Kwao ni kwenye mashamba ya mpunga, mifereji na vinamasi. Maji ni ya kina kifupi, sawa, lakini yametanda, yana joto na yamejaa majani. (Wenyewe wanamthamini kiasi kwamba mwaka 2019 Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa.) Kinachomwezesha kuvumilia kikombe ni kiungo alicho nacho kichwani kinachomruhusu kuvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo maji yakikosa oksijeni hafi palepale kama samaki wengine. Lakini kiungo hicho hakimkingi na amonia. Kinyesi chake na chakula kilichobaki vinageuka amonia. Kwenye lita 3 za maji sumu hiyo inapanda ndani ya siku chache tu, kwenye lita 25 inachukua muda na unawahi kubadilisha maji. Ndiyo maana napanga matangi kwa wingi wa maji kwanza, kisha umbo, urembo mwisho.

Nafasi ya 1: tangi la kioo la kuchongesha kwa fundi

Kwa mtu wa Afrika Mashariki hili ndilo chaguo bora, na wengi hawalifikirii kwa sababu halipo kwenye duka la samaki. Lipo kwa fundi wa vioo na alumini, yule anayetengeneza madirisha mtaani kwako. Mpe vipimo: urefu sentimita 45, upana 25, kimo 30. Ukijaza maji mpaka sentimita 25 unapata lita 28 (zidisha urefu, upana na kina cha maji, gawa kwa 1,000), na juu panabaki nafasi ya hewa ambayo beta anaihitaji. Usikubali tangi refu jembamba la kwenda juu. Beta anapanda kuvuta hewa mara kwa mara, na dume mwenye mapezi marefu anachoka kupanda.

Kioo cha milimita 5 kinatosha pande zote, chini weka milimita 6. Kingo zipigwe msasa. Ugomvi wako na fundi utakuwa kwenye silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo, kwa sababu aliyo nayo mkononi mara nyingi ni ya bafuni, iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Soma ubavu wa kopo. Unayotaka ni silikoni tupu ya kioo, ile inayonuka siki inapokauka. Kama hana, nunua mwenyewe umpelekee.

Siku ya kuchukua, usilitazame tangi kwa mbele, litazame kwa ubavu, mshono kwa mshono. Silikoni iliyokaa vizuri inaonekana kama utepe mmoja usiokatika. Kipovu kimoja kimoja hakina neno. Vipovu vilivyoungana vikafanya njia kutoka ndani kwenda nje, hapo patavuja, leo au baada ya miezi. Ukifika nyumbani liache wiki nzima mpaka harufu ya siki iishe kabisa, kisha lijaze maji uani juu ya gazeti kavu, lilale hivyo siku mbili. Gazeti likilowa utajua upande gani.

Lita 28 ni kilo 28, bado kioo na mchanga. Stuli ya plastiki haifai. Tafuta meza imara iliyonyooka, na chini ya tangi weka kile kipande cheupe chepesi kinachokuja kwenye boksi la televisheni, kibebe makosa madogo ya meza.

Na kifuniko usikisahau. Beta anaruka. Kioo chembamba au wavu, ukiacha upenyo wa mpira wa pampu ya hewa tu. Upenyo wa vidole viwili unamtosha kutoka.

Nafasi ya 2: boksi la plastiki angavu

Ndiyo, lile la kuwekea nguo au vyakula, la lita 30 kwenda juu. Wapenda urembo watanuna. Lakini ni rahisi kuliko yote, halivunjiki, lina kifuniko chake unachoweza kutoboa matundu, na samaki ndani yake anaishi vizuri kuliko aliye kwenye seti ya bei mbaya ya lita 8. Chagua lenye plastiki nene na lisilonuka. Likijaa maji litatanuka katikati, kwa hiyo usilijaze zaidi ya theluthi mbili, na usiliinue likiwa na maji. Kasoro yake ni moja: plastiki inachubuka na kufifia, baada ya muda unamwona samaki wako vizuri kwa juu tu.

Nafasi ya 3: seti ya dukani ya lita 20 hivi

Inakuja na taa, chujio na kifuniko, na sebuleni inapendeza. Tatizo ni chujio. Pampu za seti hizi nyingi zinasukuma maji kwa nguvu, na beta mwenye mapezi marefu anapeperushwa mpaka anajibanza pembeni nyuma ya jani. Ukiinunua, elekeza mdomo wa pampu ukutani au uuzibe kwa kipande cha sponji. Uliza lita kabla ya bei, na usiridhike na namba ya kwenye boksi: pima mwenyewe kwa rula.

Nafasi ya 4: tangi la lita 10

Sikatai kabisa. Ni zuri kwa kumtenga mgonjwa au samaki mgeni. Kama makazi ya kudumu litakulazimisha kubadilisha maji mara mbili au tatu kwa wiki, na wiki utakayosafiri ndiyo atakayougua.

Nafasi ya mwisho: bakuli la duara, chombo cha maua, "tangi" la kuwekea kalamu juu ya meza ya ofisini

Usinunue. Hakuna cha kujadili.

Vya kuweka ndani, kwa mpangilio wa fedha yako

Pesa ya kwanza baada ya tangi iende kwenye chujio la sponji na pampu ndogo ya hewa. Bei yake ni ndogo, maji yanapita taratibu, na sponji ndiyo nyumba ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Pamoja na pampu nunua valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi, kitu cha bei ya soda. Umeme ukikatika, na utakatika, maji yanaweza kurudi nyuma kwenye mpira, yakaiharibu pampu na kumwagika sakafuni. Bila valvu, weka pampu juu kuliko usawa wa maji.

Kinachofuata kinategemea unakoishi. Beta anataka nyuzi 24 hadi 28. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, chumba cha kawaida kinakupa joto hilo karibu mwaka mzima bila kulipia. La kuangalia ni tangi lisipigwe na jua la dirishani wala upepo wa kiyoyozi. Nairobi mwezi wa Julai, Arusha, Iringa, Mbeya, hapo hita siyo anasa, inunue siku moja na tangi. Wati 25 zinatosha lita 25 kwenye chumba chenye ubaridi wa wastani. Mbeya weka 50. Iwe na kidhibiti joto chake, na kipimajoto cha bei ndogo kando, maana namba za kwenye hita huwa zinadanganya. Chomoa hita kwenye umeme kabla ya kupunguza maji, la sivyo kioo chake kinaweza kupasuka.

Vipimo vya maji vya matone ni ghali kuliko vile vya karatasi, lakini vinasema kweli zaidi. Kama fedha ni ya kimoja tu, chukua cha amonia.

Mimea hai kwanza, ya plastiki mwisho. Anubiasi, ambayo asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, haitaki taa kali wala udongo. Ifunge kwa uzi kwenye jiwe, shina lake lisifukiwe. Gugu maji la ziwani liache huko huko. Ukinunua mmea wa bandia, upitishie soksi nyembamba ya kike: ikinasa, na mapezi yatanasa.

Halafu kuna kitu ambacho wenzetu wa Ulaya wananunua kwa pakiti na sisi wa Pwani tunakikanyaga: jani kavu la mti wa mkungu. Wafugaji wa Thailand wanalitumia tangu zamani. Okota yaliyoanguka yenyewe, ya kahawia, kwenye mti ulio mbali na barabara na dawa za kupulizia, yasuuze, weka moja kwa lita 25 hivi. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi. Usiogope; ni tanini, kemikali iliyomo kwenye jani, inayaongezea maji asidi kidogo kuelekea kule anakokupenda beta, na jani lenyewe linampa pa kujilaza.

Kuanzisha na kutunza

Tangi linatangulia, samaki anafuata baada ya wiki 4 hadi 6. Muda huo bakteria wanaota kwenye sponji, na lazima wapate cha kula: dondosha chembe chache za chakula kila siku kana kwamba samaki yumo. Amonia na nitriti zikisoma sufuri zote mbili, na nitrati imeanza kuonekana, tangi liko tayari. Ukiwa na rafiki mwenye tangi lisilo na magonjwa, muombe kipande cha sponji yake, kinafupisha safari.

Maji ya bomba yana klorini. Ndoo wazi ikilala usiku mzima hadi siku nzima inapungua sana, ila baadhi ya mamlaka hutumia kloramini ambayo haitoki hivyo, kwa hiyo dawa ya kuondoa klorini ni salama zaidi. Kisima chenye maji ya chumvi, na Dar viko vingi, hakifai. Maji ya mvua matupu hayana madini. Yachanganye na ya bomba.

Kila wiki toa robo ya maji, kwa tangi letu ni lita 7, ukinyonya uchafu wa chini kwa mpira, na urudishe maji ya joto lilelile. Sponji ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyotoa. Usiipeleke bombani kamwe, klorini itawaua bakteria na huenda ukaanza upya.

Chakula ni chembe 3 au 4 asubuhi, na jioni vivyo hivyo, siku moja kwa wiki afunge. Viluwiluwi vya mbu anavipenda kupita kiasi, lakini vichote kwenye ndoo yako mwenyewe ya maji safi uliyoiacha nje, siyo mtaroni, na vyote viliwe kabla havijaota mabawa.

Dume mmoja kwa tangi. Jike usimchanganye naye kwa kumtafutia mwenza, atamtafuna. Konokono mmoja anatosha kwa ujirani.

Dukani, gonga kikombe taratibu kwa ncha ya kidole. Anayekunjua mapezi na kugeuka kukutazama, huyo. Aliyelala ubavu, mwenye mapezi yaliyobanana au vidoa vyeupe kama chumvi, mwache hata ukipunguziwa bei. Ukifika nyumbani elea kikombe tangini dakika 15, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa, kisha mchote kwa wavu umweke ndani. Maji ya kikombe yamwage chooni. Siku ya kwanza usimlishe, na taa iwe imezimwa.