Kipima unyevu wa udongo: kipi ununue kabla asilimia hazijakukaushia nyanya

Msomaji anayelima nyanya Ilula alinitumia picha ya simu yake. Programu inasema unyevu wa udongo ni 24%, alama ya kijani, hakuna haja ya kumwagilia. Nyuma ya simu majani yamejikunja, na ni asubuhi. Shamba lake ni mfinyanzi mzito, na kwenye mfinyanzi 24% inaweza kuwa karibu kabisa na pale mzizi unaposhindwa kuvuta maji. Kwenye kichanga, 24% hiyohiyo ni maji ya kuzidi, yanashuka chini na mbolea yako.

Malalamiko ya aina hii yamekuwa mengi, na chanzo ni kimoja. Wauzaji watakueleza habari za betri, paneli ya sola na umbali wa mtandao. Wewe uliza kwanza kifaa kinapima nini: kiasi cha maji, au nguvu ambayo mzizi unatumia kuyavuta? Cha kwanza hutoa asilimia, cha pili hutoa kilopaskali, na kilopaskali zikipanda ujue udongo unazidi kukauka. Kilopaskali 60 ni shida kwa nyanya popote ilipopandwa. Asilimia bila kuujua udongo wako haina maana.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni Chameleon, na upendeleo wangu siufichi. Kilibuniwa na Richard Stirzaker na wenzake wa CSIRO, shirika la utafiti wa sayansi la Australia, na kimetumika hapa Iringa, kwenye skimu za Kiwere na Magozi, kupitia mradi ulioanza 2013. Unafukia sensa kwenye vina tofauti, unaunganisha kisomaji, taa zinawaka: bluu maji tele, kijani yanatosha, nyekundu mmea unateseka. Mipaka iko takriban kilopaskali 20 na 50. Kisomaji chenye Wi-Fi hutuma rangi kwenye VIA, mfumo wa mtandaoni wa kutunza taarifa za shamba, zikapangwa wiki baada ya wiki, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Ukiona kina cha chini ni bluu msimu mzima, ujue maji yanaipita mizizi na kuondoka na naitrojeni. Wakulima wa Kiwere walipoliona hilo waliongeza siku kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Mzee asiyesoma grafu anasoma rangi, na kwenye mkutano wa kupanga zamu za maji kila mtu anaona kitu kilekile.

Namba mbili ni Watermark ya kampuni ya Irrometer. Nayo hutoa kilopaskali, mpaka kama 200, na inafaa kwenye tifutifu na mfinyanzi. Kwenye kichanga cha chembe kubwa inachelewa kuitikia. Kabla ya kuifukia iloweshe, ikauke, iloweshe tena. Kisha chukua udongo wa shimo hilohilo, ukoroge na maji uwe mzito kama uji wa mgonjwa, umimine ndani, ndipo uchomeke sensa. Ukiacha upenyo wa hewa, sensa itasoma ukavu ambao haupo.

Tensiomita ya bomba na geji ni namba tatu. Haihitaji simu wala betri, ila ujaze maji mara kwa mara, na ikifika kama kilopaskali 80 inaingiza hewa na kuacha kusoma. Nyanda za juu huishia mapema zaidi. Kwa mboga zinazomwagiliwa kwa matone mara kwa mara inatosha kabisa.

Sensa za asilimia nunua tu kama utazipima mwenyewe: mwagilia vizuri, subiri siku moja au mbili maji yashuke, andika namba hiyo. Hicho ndicho kipimo cha shamba lako kujaa. Vile vijiti vya bei chee visivyo na betri achana navyo. Weka mbolea tu, mshale unapanda.

Programu zinazokokotoa kwa takwimu za hali ya hewa, zao na udongo bila sensa shambani, kama CROPWAT ya FAO ambayo ni ya bure, ni nzuri kwa kupanga. Mmea ukitumia milimita 5 kwa siku, ekari moja inahitaji takriban lita 20,000. Lakini programu haijui kwamba matundu ya dripu yako yameziba. Sensa ndiyo inayojua.

Sasa bei. Kwa nini mkulima aambiwe "njoo inboksi" kana kwamba tunauziana magendo? Na kwa nini ada ya mwaka itajwe baada ya sensa kufukiwa, halafu ukishindwa kulipa kumbukumbu za shamba lako zinafungiwa? Namba hizo zimetoka kwenye udongo wako na jasho lako. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti: kipimo ni asilimia au kilopaskali, ada ya mwaka ni kiasi gani, taarifa nitazipakua vipi nikiacha kulipa, na sensa moja peke yake inauzwaje. Hiyo ya mwisho usiiache, maana wakati wa palizi jembe litakata waya.