Kijiti cha mninga kwenye dredi ndefu: uzoefu wangu hapa Mbeya

Kwa wenye haraka, mnaouliza kama kijiti cha kubania nywele kinaweza kushika dredi nzito: kinashika. Dredi zangu zimeshapita katikati ya mgongo, zikilowa zinakuwa mzigo, na kijiti kimoja cha mninga kinazibeba tangu nafungua kibanda asubuhi mpaka nafunga jioni. Ila si kijiti chochote, na si kwa kuchomeka hivihivi. Wengi ninaowasikia wakikiponda, ukiwatazama wanavyokivaa utaona kimepita kwenye fundo tu, kichwani hakijashika kitu. Kwa mtindo huo hata kingekuwa cha dhahabu kitaanguka.

Mimi ni fundi cherehani, Mwanjelwa. Kazi yangu ni kuinama kutwa nzima, kwa hiyo nywele zangu zinajaribiwa kuliko za mtu anayekaa wima ofisini. Zikifunguka zinamwagikia kwenye kitambaa cha mteja, au karibu na gurudumu la cherehani, na huko sitaki hata kufikiria. Miaka yote nilikuwa nabana kwa raba, au kwa utepe wa vitenge vinavyobaki kwenye meza. Vinashika, sikatai. Shida ni kwamba raba lazima uikaze ndipo ibebe uzito, na unaikaza palepale kila siku. Msusi wangu ndiye aliyenishikisha kioo nyuma ya sikio siku ya ritachi: dredi za pembeni zimekonda kwenye shina, moja imebaki uzi. Nywele zikivutwa kwa nguvu muda mrefu huanza kukatika hapo pembeni na kwenye paji. Ukiwahi kulegeza zinarudi, ukichelewa mashina yanakufa na pale hapaoti tena. Wapo mama wengi mjini hapa wanaofunga kilemba kwa sababu hiyo, wala si mitindo.

Kijiti chenyewe nilikinunua Iringa nilipokwenda kwenye harusi ya binamu yangu. Kuna fundi mmoja anachonga miiko, vinu vidogo na machanuo, nikamuuliza kama ana kitu cha kubania nywele. Baada ya kamwene na habari za safari akaniambia, "Geuka dada, nione mzigo wenyewe." Nikageuka. Akazishika dredi, akazikunja mara moja kwa mikono yake kuona fundo litakuwa na upana gani, akaguna, akaweka pembeni vile alivyokuwa amekwisha kuvichonga. Akakata kipya pale pale kutoka kwenye kipande cha mninga. Aliniambia kijiti lazima kilizidi fundo kwa vidole viwili kila upande, kikiwa kifupi kinazama ndani na kikizama hakishiki. Changu nimekipima kwa futi yangu ya kazi: sentimita 19. Kwa mwenye nywele za kawaida zinazofika mgongoni, 15 au 16 zinatosha kabisa. Nililipa shilingi 4,000, na sikuomba apunguze.

Kitazame kwa karibu kidogo. Rangi ni ya kahawia inayoelekea wekundu, na mistari myeusi-myeusi inayokimbia kwa urefu. Unene katikati ni wa penseli, kisha kinapungua taratibu kuelekea nchani. Ncha si kali, ameisaga kwa msasa mpaka ikawa butu, ukiibonyeza kwenye kiganja haichomi. Upande wa juu ameacha kichwa kidogo cha mviringo ili kisizame kwenye nywele. Hakupaka vanishi, alikipaka mafuta tu. Hilo nililiona dogo siku ile, sasa naliona ndiyo siri yenyewe, maana mbao isiyong'arishwa sana inakwaruzana na nywele kidogo, na mkwaruzo huo ndio unaozuia kuteleza.

Nasema hivyo kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nimeagiza kingine mtandaoni, cha chuma, rangi ya dhahabu. Kwenye picha kilipendeza mno. Kilichofika ni chembamba kama spoki ya baiskeli, ncha inakwaruza ngozi ya kichwa, na kinateleza mpaka unahisi kinashuka huku umekaa umetulia. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu, chuma baridi kikikugusa kisogo unaruka. Rangi nayo ilianza kubanduka mapema, ikawa inabaki kwenye dredi vipande vinavyometameta. Muuzaji nilipomwandikia alinijibu kwamba bidhaa ikishapokelewa hairudishwi, basi tukaachana.

Kingine alinichongea kijana wetu wa nyumbani anayefanya kazi ya mbao Mafinga. Mbao za huko, kama unavyojua, nyingi ni misindano ya mashamba ya Sao Hill: nyepesi, laini, nzuri kwa kenchi za paa. Kwa kijiti hazifai. Kilikuwa chepesi kweli, lakini kikawa kinatoa nyuzinyuzi zinazong'ang'ania ndani ya dredi, na mwishowe kikavunjika ndani ya fundo nikakitoa vipande viwili. Mwanzi una afadhali, maana ni mgumu kwa urefu wake, ila ukipasuka nchani hata kidogo unakuwa mwiba. Mpingo nimeushika dukani tu. Huo ni mweusi, mzito, laini kwa kuguswa, mti uleule Wazungu wanaotengenezea klarineti, na bei yake inajua hivyo.

Sasa jinsi ya kuchomeka, kwa sababu hapa ndipo watu wanakwama. Kusanya nywele zote nyuma, usawa wa juu ya masikio au chini kidogo. Zisokote kuelekea upande mmoja mpaka zianze kujikunja zenyewe, kisha zizungushe kwenye shina lake, ncha uzifiche chini. Hilo ndilo fundo. Lishike kwa mkono mmoja, usilikaze. Chukua kijiti kwa mkono wa pili, ukipitishe kwenye mzunguko wa nje wa fundo, ncha ikitazama mbali na fundo, mpaka iguse ngozi ya kichwa na kuokota nywele kidogo za pale kichwani. Usizisahau hizo nywele za kichwani! Halafu kipindue: kichwa cha kijiti kiinuke na kuangukia upande wa nje, ncha nayo igeuke itazame fundo. Wakati wa kupindua utasikia fundo linakaza lenyewe. Hapo sukuma, ncha ipite chini ya fundo ikiambaa na ngozi, itokee upande wa pili ikiwa imeokota tena mzunguko wa nje.

Mafundi wenzangu watanielewa nikisema kwamba ni kama pini inavyoshika vitambaa viwili: inazama, inaokota cha chini, inarudi juu. Pini iliyopita kitambaa cha juu peke yake haijashika kitu.

Ukimaliza, inama, tikisa kichwa. Kikicheza, toa uanze upya. Ukisikia maumivu sehemu moja, ujue umeokota nywele chache mno na zinabeba fundo zima. Hilo usilivumilie, ongeza za kuokota. Kikikaa sawa hutasikia kitu chochote, na hiyo ndiyo tofauti niliyoipenda kuliko zote, maana uzito unagawanyika kichwani badala ya kuning'inia kwenye mstari mmoja wa raba. Jioni nikifungua, kichwa hakiumi. Zamani nilikuwa nafungua raba huku nikisugua ngozi kwa vidole kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Kwa nywele za wengine matokeo yamekuwa tofauti. Mdogo wangu anasuka rasta. Zikiwa mpya zinateleza na fundo linakuwa kubwa kupita kiasi, lakini zikishakaa na kulegea kidogo kijiti kinashika vizuri, hasa zile nyembamba. Mteja wangu mmoja ana nywele za dawa, laini kabisa, na akitoka kuziosha haziwezi kushika kijiti kimoja. Kwake kinachofanya kazi ni uma, yaani kijiti chenye meno mawili, unauingiza na kuupindua kwa namna ileile. Nywele za asili zisizo na dawa zinashika mno, zikiwa zimenyooshwa kidogo au zimesokotwa twisti, mradi zivuke mabega. Zikiwa fupi zaidi ya hapo hakuna fundo la kushika, usipoteze hela yako.

Wateja wengine wananiambia nimeiga sinema za Kichina. Sina ubishi nao. Huko China ya kale msichana akifikisha miaka 15 alibanwa nywele kwa kijiti, kuonyesha kwamba sasa ni mtu mzima, na Wajapani wana mapambo yao ya nywele wanayoyaita kanzashi mpaka leo. Kwangu ni kifaa cha kazi, kama mkasi.

Kasoro zipo. Kwenye baridi hii yetu huwezi kuvaa mzula juu yake, utaonekana una pembe, na kofia inakisukuma kitoke. Mimi najitanda kanga au mtandio, basi. Kwenye bodaboda kitoe kabla ya kuvaa helmeti, hilo si la kujadili, kitu chenye ncha hakikai kati ya kichwa na helmeti. Kwenye basi la Dar pia kitoe, maana ukiegemeza kichwa kwenye siti kinakuchoma, na dereva akifunga breki kwenye zile kona za Kitonga utajuta. Upepo kinauweza: nimeshuka Makambako na ule upepo wao, kanga ikataka kuondoka, fundo halikutikisika. Ukiwa na mtoto wa kubeba mgongoni, fahamu kwamba atakichomoa. Kwake ni mchezo mtamu, kuchomoa na kuona nywele zote zinamwagika usoni kwake.

Matunzo si kazi. Sikiloweki kwenye maji, nakifuta kwa kitambaa chenye unyevu, na nikihisi kimeanza kukwaruza nakipitishia msasa laini kisha matone ya mafuta ya parachichi, yale yale ninayopaka kichwani. Kwa mafuta hayo mninga umezidi kukolea, sasa unakaribia rangi ya kahawa. Angalizo moja: usikivae dredi zikiwa mbichi kutoka kuoshwa. Ndani ya fundo hazikauki, na kwa hali ya hewa yetu, Tukuyu ndiyo usiseme, zitatoa harufu. Ziache zikauke kabisa kwanza, hata kama itabidi ukae nje juani nusu siku.

Je, ningenunua tena? Nimeshaagiza. Safari hii nataka uma wa meno mawili wa mninga uleule, kwa ajili ya siku za harusi na kanisani ninapotaka fundo la juu utosini, ambako kijiti kimoja kinalemewa kidogo. Fundi amesema atatoza 7,000 kwa kuwa kuchonga nafasi kati ya meno kunakula muda, na mara nyingine jino moja linakatika akiwa karibu kumaliza. Bei ni ya haki. Ukimpata fundi mbao popote ulipo, Njombe, Songea, hata Tunduma, mpelekee vipimo vya fundo lako na umwambie mambo matatu tu: mti mgumu, ncha butu, asipake vanishi.

Kile cha chuma hakijatupwa. Mdogo wangu amekichukua, anachorea mistari anaposuka watu rasta, na kwa kazi hiyo anakisifia kweli.