Kalipa ya tarakimu ya milimita 150: miezi minane mezani na vigae

Kazi yangu ni kuorodhesha vitu vya nyumbani vilivyofukuliwa kwenye makazi ya karne ya 18 na 19: vigae vya sahani, shingo za chupa, vifungo vya nguo, vipande vya viko vya udongo, misumari iliyoliwa na kutu. Kila kimoja kinaoshwa au kupigwa brashi, kinapewa namba, kinapimwa, kinaandikwa. Kwa miezi minane nimepima kwa kalipa hii, kipimo cha chuma chenye taya za kubana kitu na kioo kidogo cha tarakimu, ile inayouzwa kwa majina kumi tofauti huku umbo likiwa lile lile.

Kwenye vifungo haina mpinzani. Juzi nilikuwa na kifungo cheupe cha matundu manne. Ukikitazama mbele utasema ni kioo, lakini ukikigeuza unaona mgongo wa vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Huo ni unga wa udongo ulioshindiliwa kwa mashine, mbinu ambayo Richard Prosser aliipatia hataza Uingereza mwaka 1840. Maana yake tabaka la udongo kilimotoka haliwezi kuwa la kabla ya mwaka huo, na hilo peke yake ni habari njema kwa mchimbaji. Nikakibana: milimita 11.4. Sasa, watengeneza vifungo walikuwa na kipimo chao, laini, ambazo 40 zinafanya inchi moja. Piga hesabu, 11.4 ni laini 18 barabara. Kwa rula ningeandika 11, namba isiyoangukia kwenye laini yoyote kamili.

Kwa viko, usihangaike nayo. Kinachotafutwa kwenye shina la kiko cha Kiingereza ni upana wa tundu la moshi, kwa sababu mwanaakiolojia J. C. Harrington alionyesha mwaka 1954 kwamba tundu hilo lilizidi kuwa jembamba kadiri miaka ilivyokwenda: inchi 8/64 kwenye viko vya miaka ya 1620 hadi 1650, mpaka 4/64 vilipofika 1750 na kuendelea. Hizo 4/64 ni kama milimita 1.6 tu. Taya za ndani za kalipa haziingii hapo hata uzibembeleze. Chukua biti za drili za vipimo vya inchi, ingiza upande wa mkia, usiokata, na ile kubwa kuliko zote inayoingia bila kulazimishwa ndiyo jibu lako. Na usihukumu kwa shina moja. Hesabu hiyo inataka rundo.

Vivyo hivyo kwa upana wa sahani. Kigae cha ukingo chenye urefu wa vidole viwili hakina kipenyo cha kubana. Kiweke kifudifudi kwenye chati ya miduara, utafute mduara unaolingana na mkunjo wake, basi. Chupa nazo zinataka ukucha kuliko kipimo: fuata mshono wa kalibu kwa ukucha uone kama unaishia shingoni au unapanda hadi mdomoni, maana kupanda hadi mdomoni ndiyo alama ya mashine ya kutengenezea chupa kama ile ambayo Michael Owens aliipatia hataza mwaka 1904.

Sasa lalamiko. Kitufe cha sifuri, kinachoanzisha hesabu upya popote taya zilipo, kimewekwa pale pale kidole gumba kinapopumzika. Nilikuwa na sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, imevunjika vipande vingi vilivyotawanyika kwenye mifuko mitatu. Siku moja, nikijaribisha tu, vigae viwili vikaumana. Ule mshiko unaousikia vidoleni kabla ya kuuona. Nikafurahi, nikafungua daftari kuandika kwamba vinaungana, nikakuta unene wa kimoja ni 4.6 na wa kingine 3.9. Nilivipima vyote viwili mle mle kwenye mpasuko vinaouchangia! Sahani haikuwa na kosa. Kidole changu kilikuwa kimebonyeza sifuri taya zikiwa wazi kidogo, na tangu hapo kila namba ilitoka pungufu kwa 0.7. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza, "Tangu lini?" Hilo ndilo swali ambalo kalipa hailijibu. Nilirudia vipande 143.

Betri nayo. Kioo kikizimika, ndani haijazimika. Inaendelea kunywa umeme kimya kimya. Siku hizi naitoa betri jioni. Tena ncha za chuma huacha mstari wa kijivu kwenye mfupa na kwenye udongo usiong'arishwa, na mstari huo mtu mwingine anaweza kuusoma kama alama ya kisu. Kwa vitu hivyo natumia kalipa ya plastiki isiyo na betri, ya kusoma kwa macho. Ni ya polepole, ila haijawahi kunidanganya.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiinunua, gundisha kipande cha kadi ngumu juu ya kile kitufe, halafu weka mezani biti moja ya drili yenye mkia wa milimita 6. Ipime kabla ya kufungua mfuko na baada ya kuufunga, uandike zote mbili pembeni mwa ukurasa. Mfuko wangu wa jana ulianza na 6.00 ukaisha na 6.01. Hiyo 0.01 nimeisamehe.