Kitabu cha Freddie Mercury kilichokatwa kurasa za Unguja kwa wembe

Naandika haya bado nina hasira, ingawa hasira yenyewe imeshahama mara mbili, na mpaka nimalize sijui itakuwa imemwangukia nani.

Mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, niliagiza kitabu cha mtumba kwenye duka moja la Dar linalouza kwa simu. Wasifu wa Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza; kitabu kinene kama tofali. Jina la duka silitaji, la kitabu pia silitaji, kwa sababu mwishoni nitakisifu kidogo na sitaki ionekane nimehongwa. Elfu sitini na tano, nauli ya boti juu yangu. Nikaenda mwenyewe bandarini Malindi kukipokea, jua la saa saba, kimefungwa kwenye mfuko wa rambo kikazungushwa selotepu kama kwamba ndani mna pweza.

Mie mtu wa Mji Mkongwe. Kwetu Freddie si habari ya mbali. Alizaliwa hapa 1946, Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, baba yake akishika fedha mahkamani. Ukipita Shangani kila mtu ana nyumba yake ya kukuonyesha, "hapa ndipo alipokaa." Ami yangu husema ukizihesabu zote utadhani yule mtoto alikuwa akihama kila Ijumaa. Kwa hiyo nilichokitaka mie ni ile sura ya mwanzo tu. Live Aid, lile tamasha la hisani la 1985, nimeitazama mpaka najua ni wapi anapogeuka na kile kipande chake cha stendi ya maikrofoni, sikuhitaji kusimuliwa.

Nikatia chai, nikafungua. Ukurasa wa 12, mtoto anazaliwa. Nikafunua. Ukurasa wa 29, kijana wa miaka kumi na saba yuko Feltham, Uingereza, anasikia baridi. Nikarudi nyuma, nikalamba kidole, nikidhani kurasa zimegandana. Ndipo nikaviona vile vipande vyembamba vya karatasi vilivyosalia kwenye mshono, vimenyooka sawasawa kama vilipimwa kwa rula. Wembe. Na huo ukurasa wa 29 una mchirizi pembeni, pale mkono ulipokaza kidogo. Yaani mtu alikaa chini na utulivu wake akakata kurasa kumi na sita. Mitaa yetu, skuli ya Panchgani kule India alikopelekwa akiwa bado mdogo, ile bendi ya skuli waliyoiita The Hectics, kurudi kwake 1963, Mapinduzi ya Januari 1964 na familia kuondoka, vyote hamna. Mtoto kazaliwa, kapigwa na baridi ya Ulaya, basi.

Nikapiga simu. Kijana akapokea, nikamweleza kwa upole kabisa. Akacheka.

"Dada, si umesema uko Zanzibar?"

"Ndiyo."

"Sasa hizo za Zanzibar unazitakia nini tena? Si unapajua!"

Nyuma yake nikamsikia mwingine naye anacheka. Nikamwambia kaka yangu, mie nataka pesa yangu. Akasema kitabu cha mtumba ni kama shati la mtumba, mtu anakagua kwanza ndiyo analipa. Nitakagua vipi, shati liko Dar na mie niko Vuga? Simu ikakatika, au alikata, Mungu anajua. Nikatuma ujumbe: tiki moja. Ikaadhiniwa Isha, tiki moja. Alfajiri, tiki moja. Ningeandika siku ile, msingesoma hapa ila matusi.

Lakini sikiliza. Kuna jirani yetu, mwalimu mstaafu, ana kitabu hichohicho, kizima. Akaniazima. Nikazisoma zile kurasa kumi na sita kwa pupa, nimesimama ukumbini hata buibui sijavua.

Karafuu. Karafuu, upepo wa bahari, karafuu tena, milango ya nakshi. Yaya aliyemlea hana jina. Jirani hata mmoja hakuulizwa kitu. Mapinduzi yamepita kwa aya moja, wakati hata mvua ya masika imewahi kuandikwa aya tatu. Halafu mwandishi huyohuyo, alipofika kwenye ule wimbo wa "Bohemian Rhapsody", ile "Bismillah" inayoimbwa ndani yake ikamshughulisha kurasa mbili nzima: opera ya Italia, na yale majina mengine ya wimboni, Scaramouche, Galileo, kila kitu. Haikumpitikia kuwa mtoto aliyekulia Mji Mkongwe alikuwa na misikiti pande zote, na neno hilo hapa husemwa hata mtu akitaka kufungua kopo la maziwa. Sisemi ndiko alikolitoa. Nasema ungeuliza!

Siti binti Saad aliandikiwa wasifu wake na Shaaban Robert, kwa Kiswahili, na mtu anayejua uzito wa jina la Fumba, kijiji alikozaliwa Siti. Huyu wetu mwingine kaangukia mikononi mwa watalii. Nikaanza kumwelewa yule mwenye wembe. Huenda hakuwa mwizi, huenda alikuwa mhakiki.

Na msidhani nachukia usomi. Mwalimu huyohuyo alinipa nakala ya utafiti wa 2016, wanasayansi wa sauti walioyapima mahojiano yake na nyimbo zake. Wakakuta sauti yake ya kuzungumza iko kwenye hezi 117 hivi (mitetemo 117 kwa sekunde), yaani ya baritoni, sauti ya kiume ya kati, na mtu huyo ndiye tuliyezoea kumsikia akipaa juu kuliko wote. Ule mtetemo wa sauti yake nao una kasi kuliko kawaida ya waimbaji. Wakamleta hadi mwimbaji wa roki wa kumwigiza, wakampitishia kamera kooni! Makala kavu, majedwali matupu, na nimeisoma mara mbili kwa raha. Wale walipima walichonacho, hawakunipulizia karafuu.

Sasa nirudi kwenye tofali langu, maana lazima niseme kweli. Sura ya studio ya 1975, walipourekodi "Bohemian Rhapsody", ni tamu. Wanavyobandika sauti juu ya sauti, wiki baada ya wiki, mpaka utepe ukachakaa ukawa unapitisha mwanga ukiuinua dirishani. Nilisoma pale chai ikapoa. Kwa sura hiyo ningelipa elfu thelathini. Arubaini nikiwa na mshahara.

Nikatoa fotokopi zile kurasa kumi na sita, shilingi mia mia, nikazichomeka mahali pake. Kila nikifungua kitabu zinadondoka. Mara ya mwisho paka alizilalia, nikamwacha.

Juzi ile tiki moja ikawa mbili, na jibu likaja hapohapo kama hakukutokea kitu: "Dada mambo, kuna kingine cha Freddie kimeingia, kizima kabisa, elfu hamsini." Nimemwambia anipigie picha kuanzia ukurasa wa kwanza, mmoja mmoja. Amefika wa 40.